Nyigu wa Daktari Mwaura

Jamleck Mwaura alikuwa daktari wa wadudu, na tangu aajiriwe katika jumba la makumbusho kule Parklands hakuwahi kukutana na mtu aliyeelewa maana yake. Majirani walimwuliza dawa ya kunguni. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimwuliza dawa ya kunguni siku ile ile ya kupeleka mahari. Mwenye nyumba mmoja wa Kilimani alimvizia kwenye ngazi za benki mjini, akamshika mkono kwa heshima zote, akamsimulia habari za mchwa waliokula milango yake, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini atumie sumu gani. Mwaura alimjibu kwamba kazi yake si kuua wadudu. Yule bwana alimtazama kwa huruma, akataka kujua basi serikali inamlipia nini.

Jibu lenyewe halikuwa kweli tupu, maana wadudu aliwaua kila wiki. Ila aliwaua kwa adabu. Aliwagandisha, akawachoma pini, akawaandikia lebo ndogo ya mahali walipokamatwa, tarehe, na mtu aliyewakamata, akawapanga kwenye droo wakae humo miaka mia mbili bila kusumbuliwa. Wanadamu wachache hupata huduma kama hiyo, na hakuna hata mmoja anayeipata Nairobi.

Chumba cha wadudu kilikuwa mwisho wa korido, baada ya choo cha wanaume. Mkurugenzi wa jumba hilo, Bwana Mwanzia, alikuwa mtu wa ndovu. Kwa maoni yake, kiumbe asiye na mifupa hajajitahidi vya kutosha. Wageni wakubwa walipofika aliwasimamisha mbele ya fuvu la ndovu, akawapigisha picha, na mgeni akiuliza mlango ule wa mwisho ni wa nini, aliambiwa ni stoo. Mwaura alisikia hayo kupitia ukuta kwa miaka mingi. Alizoea, kwa jinsi mtu anavyozoea kiatu kinachombana kidole: anatembea nacho, lakini hajasahau.

Sasa, katika kazi hii kuna desturi moja tamu. Anayegundua mdudu mpya ndiye anayempa jina. Anaweza kumwita jina la mlima, la mto, la mkewe, hata la mbwa wake akipenda. Jina lake mwenyewe ndilo asiloweza kumpa. Hakuna polisi atakayekuja kumkamata. Ni aibu tu, sawa na mtu kujiimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa hotelini. Ukitaka jina lako libaki duniani kwenye mgongo wa mdudu, lazima mtu mwingine akupe, na ukae kimya ukijifanya hukuwa ukingoja.

Mwaura alikuwa amengoja tangu akiwa na nywele. Alikuwa amegawa majina kama peremende. Aliwapa maprofesa, aliwapa wafadhili, na mwaka mmoja wa matumaini mengi alimpa hata Bwana Mwanzia mbu mmoja mzuri kutoka bonde la Kerio. Bwana Mwanzia aliuliza kama hakukuwa na kitu kikubwa zaidi. Wote walishukuru, na hakuna aliyerudisha mkono.

Nyumbani nako mambo hayakuwa afadhali. Kwa Wakikuyu babu hana haja ya kuhangaika, kwa sababu wajukuu huja na majina yao tayari, na binti akizaa mtoto wa kiume wa pili, jina ni la baba wa huyo binti. Lakini Janice, binti pekee wa Mwaura, aliolewa na Odhiambo, kijana mwema kabisa, mhasibu, asiye na kasoro yoyote isipokuwa hii: kwao Wajaluo babu hurithiwa jina akishakufa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mvua ikinyesha, akaitwa Okoth. Mwaura alipouliza kwa mbali kuhusu huyo wa pili atakayekuja, Odhiambo alimweleza kwa upole na heshima kwamba, kwa sasa, baba mkwe bado ana afya nzuri mno.

Ndipo akatokea Peres Ochola. Alikuwa msaidizi wake, binti wa Siaya aliyekuja kwenye chumba kile kwa mazoezi ya chuo na akakataa kuondoka. Mwaura alimfundisha kila kitu alichojua, hata namna ya kujibu maswali ya kunguni. Mwaka ule Mwaura alipokuwa akikaribia kustaafu, Peres alichapisha makala yake ya kwanza katika jarida la ng'ambo. Ilieleza nyigu mpya wa nyanda za Nairobi, jike wa kundi lile ambalo majike hawana mabawa: mwekundu kifuani, mweusi nyuma, mwenye nywele kama velveti na mwiba ambao ukikuchoma utaita majina ya mababu wote. Jina la huyo nyigu lilikuwa mwaurai, yaani "wa Mwaura" kwa Kilatini.

Mwaura alikuwa amepewa rasimu aikague kabla haijapelekwa. Aliisoma kwa machozi, na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu rasimu husomwa kwa lenzi.

Mtu mzima akipata alichokitaka akiwa amechelewa, hukosa kiasi. Mwaura alitoa nakala za makala ile pale Tom Mboya Street hadi mwenye mashine akamwuliza kama anagombea ubunge. Alichapisha kadi River Road zenye picha ya nyigu kwenye kona. Gazeti moja lilimhoji, likatangaza kwamba mzee wa Kileleshwa amegundua mchwa, naye akaikata habari hiyo hivyo hivyo na kuiweka kwenye fremu. Bwana Mwanzia, baada ya kusikia kwamba kuna mfadhili aliyeisoma, alikumbuka ghafla kwamba amekuwa akiwapenda wadudu maisha yake yote. Mlango wa stoo ukapigiliwa kibao cha shaba: Chumba cha Mwaura.

Jumamosi moja wakafanya sherehe. Nyumba ya Mwaura pale Kileleshwa ilikuwa moja ya zile za zamani zenye uwanja, iliyobaki katikati ya magorofa mapya, na jirani aliyekuwa akijenga alikuwa amemwaga mchanga wake wote kwenye ua. Walisimamisha hema, wakachinja mbuzi, wakaagiza keki Kilimani. Mwokaji aliambiwa achore nyigu asiye na mabawa. Aliona hayo ni makosa ya simu, akachora nyuki mnene mwenye mabawa mawili na tabasamu. Mkewe Mwaura, Waceke, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alisema ni heri hivyo, watoto wasiogope.

Bwana Mwanzia alihutubia kuhusu ndovu. Odhiambo alisema mawili matatu ya heshima. Peres aliombwa azungumze, akasimama, akasema "Dokta ametufunza sana," akaketi haraka na kuanza kukunja kitambaa cha mkono. Kila mtu alisema jinsi msichana yule alivyo na haya.

Kisha Pasta Norman akawaomba wote wafumbe macho. Alikuwa mtu wa maombi marefu, na leo alikuwa na mada mpya. Alimshukuru Mungu kwa ndege, akamshukuru kwa samaki, akaanza kuteremka taratibu kuelekea wadudu. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa, isipokuwa Mwaura. Hakukosa imani, ni kwamba kitu kilikuwa kimepita mbele ya pua yake kikitoa mlio, na aliyeshinda na wadudu maisha yake yote hawezi kufumba macho kitu kikipita.

Kilitua kwenye kitambaa cheupe cha meza, kati ya soda na keki. Alikuwa nyigu dume, mkubwa, mwenye mabawa meusi. Chini ya tumbo lake alikuwa amembeba jike, mwekundu kifuani, mweusi nyuma, na kwa jinsi walivyoshikana hakukuwa na shaka yoyote juu ya walichokuwa wakifanya wakati pasta akiomba.

Ni lazima ieleweke hapa kwa nini mzee wa watu alianza kutazama huku na huku akitafuta glasi tupu. Katika kundi hili la nyigu, dume na jike hawafanani hata kidogo. Mmoja ana mabawa, mwingine hana. Rangi tofauti, umbo tofauti. Mtu akimpata dume peke yake humpa jina, na mwingine akimpata jike peke yake humpa jina jingine, na mke na mume wanaweza kukaa kwenye droo mbili kwa miaka mia bila mtu kujua ni nyumba moja. Njia ya uhakika ya kujua ni kuwafumania. Na wakifumaniwa, jina la zamani ndilo linalobaki, lile jipya linakufa.

Dume huyu Mwaura alimfahamu vizuri. Alikuwa na droo nzima ya ndugu zake. Dume huyo alipewa jina zamani na Mjerumani mmoja aliyeletewa chupa ya wadudu huko kwao, akawapa majina wote kabla ya chakula cha mchana bila kukanyaga Afrika. Na jike aliyebebwa alikuwa mwaurai.

"Na huyu mdudu, Baba," Pasta Norman alikuwa akisema, "uliyempa jina la mtumishi wako, umzidishe, umlinde na kila hila ya adui."

Mwaura akachukua glasi tupu, akaigeuza juu yao. Aliingiza kipande cha kadibodi ya keki chini yake, akabeba kila kitu hadi jikoni, akakisukuma ndani ya friza juu ya nyama ya mbuzi. Alirudi wakati watu wanasema amina. Mikono yake ilikuwa baridi, na alikata keki akitabasamu kama alivyotakiwa.

Waceke aliifungua friza Jumapili baada ya kanisa.

"Baba Janice, umeweka dudu kwa nyama tena."

"Ziko ndani ya glasi."

"Naona. Glasi ya wageni."

Akamweleza. Waceke alikuwa amesikia maelezo ya wanafunzi wavivu kwa miaka mingi, kwa hivyo alijua kukata maneno.

"Kwa hivyo hiyo nyigu yako ni bibi ya mtu. Ilikuwa na jina ya bwana yake hiyo wakati yote."

"Ndiyo."

"Na nani ameona?"

"Mimi."

"Wewe peke yako. Sisi wote tulikuwa tumefunga macho, hata pasta." Alifuta glasi kwa aproni, akaiweka mbele yake mezani. "Hizo vitu zimeshakufa. Mwaga huko nyuma kwa mchanga. Umengoja hiyo jina tangu tuoane, na mimi ndio nimekuwa nikikusikia ukiingoja."

Hakuna ushauri mbaya uliowahi kutolewa kwa upendo mwingi hivyo. Mwaura aliichukua glasi, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akasimama kando ya mchanga wa jirani. Alilitaka lile jina. Alilitaka vibaya, na hakuona haya kujiambia hivyo. Angetikisa mkono mara moja tu, na Mwaura angebaki kwenye vitabu hadi Mjerumani mwingine aje na macho mazuri, na huenda asije kamwe. Isitoshe, kulikuwa na Peres. Makala ile ilikuwa ya kwanza kwake. Ni nani anayependa kuambiwa kwamba mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa zamani na mtu mwingine?

Alisimama hapo hadi jua likamchoma kichwa. Kilichomrudisha ndani hakikuwa kitu cha fahari. Alifikiria droo zake tu. Chumba kile hakikuwa na madirisha ya maana, hakikuwa na wageni wala bajeti, na harufu yake ilikuwa ya nafthalini na choo cha jirani. Kitu pekee kilichokuwa nacho ni kwamba kilichoandikwa mle ndani kilikuwa kweli. Ukiliondoa hilo, Bwana Mwanzia atakuwa amesema sawa, ni stoo.

Jumatatu asubuhi alimkuta Peres mezani, amewasha taa ya lenzi.

"Sasa, Dokta. Sherehe ilikuwa poa."

"Poa sana." Mwaura alifunga mlango. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ya upole njia yote kutoka Kileleshwa, na yote yakamtoroka. Akaweka kisanduku mbele yake na kukifunua. "Walikuja kwa meza wakati wa maombi. Angalia."

Peres hakuangalia kwenye lenzi. Aliwatazama kwa macho matupu mara moja tu, akakirudisha kisanduku kwake.

"Si vibaya," Mwaura akaharakisha kumtuliza. "Inatendeka kwa kila mtu. Hata wale wakubwa. Tutaandika masahihisho, basi. Mwanzia atang'oa kibao, na hiyo shaba ataipatia kazi nyingine."

"Dokta, ngoja."

Alivuta droo ya chini kabisa, ile ya nzi ambayo hakuna mtu aliyeifungua, akaingiza mkono hadi nyuma, akatoa kisanduku kidogo. Ndani yake walikuwa dume na jike, kila mmoja kwenye pini yake, wamepangwa vizuri kuliko wale wa Kileleshwa. Dume alikuwa wa Mjerumani. Jike alikuwa mwaurai.

"Umezitoa wapi?"

"Ngong. Nilizishika zikiwa pamoja."

"Lini? Baada ya makala kutoka?"

"Kabla." Peres alikuwa akiangalia sakafu. "Ilikuwa kwa jarida lakini hawakuwa wameprint. Ningewaandikia tu waisimamishe."

"Na hukuwaandikia."

"Ulikuwa unaretire, Dokta. Umewapea watu wote majina na hakuna mtu alikuwa amekufanyia kitu. Mwanzia alikuwa anasema tukununulie saa ya ukuta."

Mwaura aliketi. Iliuma, na iliuma mahali ambapo hakutarajia. Kulipoteza jina alikuwa ameshajizoeza tangu jana. Kilichomchoma ni kujua kwamba hakuwahi kulipata. Alipewa kama mtu anavyopewa pole msibani, na yeye akaichukua pole ile akaipeleka River Road ikapigwe chapa kwenye kadi. Alitaka kumfokea. Alifungua mdomo kabisa. Lakini msichana alikuwa akilia bila sauti, mikono juu ya magoti, na Mwaura alijua, kwa sababu ameishi katika kazi hii, nini kingemfuata jambo hilo likijulikana. Kukosea si kitu, wote hukosea. Lakini aliyejua akachapisha, huyo hakuna jarida litakalopokea tena karatasi yake, wala jumba lolote litakalompa ufunguo wa droo. Angerudi Siaya kufundisha watoto kuhusu panzi.

Akakivuta kile kisanduku karibu, akainamia lenzi. Walikuwa wazuri mno. Hata nywele hazikuwa zimelala.

"Mbona hazina lebo?"

"Nilishindwa kuandika tarehe. Ya uwongo sikuweza, na ya ukweli pia sikuweza."

"Kuna mtu mwingine ameziona?"

"Hapana."

Mwaura hakuwahi kutupa mdudu. Aliwahi kukaa siku nzima na gundi akirudisha mguu wa kipepeo ambaye hakuna mtu aliyemtaka. Aliwahi kugombana na wafagiaji kwa sababu ya bawa moja la nzige lililoanguka chini ya kabati. Sasa alishika pini ya kwanza, akaichomoa, akamsaga dume kati ya vidole hadi akawa unga. Akachukua ya pili. Nywele zile nyekundu zilibaki kwenye ncha za vidole vyake, akazifuta kwa kitambaa, akakung'uta vyote ndani ya pipa la taka, juu ya majani ya chai ya asubuhi.

"Dokta, hiyo ndiyo ilikuwa evidence."

"Ya nini? Mdudu bila lebo ni takataka. Hilo nilikufunza wiki ya kwanza." Sauti yake haikuwa imara, akakohoa kuificha. "Chukua kalamu. Hawa wangu wanataka lebo."

Peres alijipangusa uso kwa mkono wa koti la kazi, akachukua kalamu ile nyembamba.

"Nairobi, Kileleshwa, kwenye kitambaa cha meza. Weka tarehe ya Jumamosi. Aliyekamata, J. Mwaura." Alingoja wino ukauke. "Sasa anza makala. Majina mawili, langu na lako. Sema mwaurai ni jike wa yule wa Mjerumani, kwa hivyo jina lifutwe. Halafu useme kwamba kabla ya Jumamosi hiyo hakuna mtu yeyote aliyewahi kuwakamata pamoja."

Kalamu ya Peres ilikuwa juu ya karatasi lakini haikusogea.

"Hiyo si ukweli, Dokta."

"Najua," Mwaura akasema. "Andika."